Kuzuia unyevu kwenye kuta na paa, Mtwara na Lindi

Nyumba ya pwani hulowa kwa njia nne: mvua inayosukumwa na upepo, maji yanayopanda kutoka ardhini, chumvi iliyomo ndani ya ukuta wenyewe, na hewa nzito inayopenya kwenye nyufa ikakutana na kitu cha baridi. Mtwara na Lindi zote nne zipo, na si ajabu kukuta mbili au tatu kwenye ukuta mmoja. Dawa ya moja haitibu nyingine. Ndiyo maana mtu anapaka rangi kila ikikaribia Idi, na mvua zikianza inavimba tena palepale.

Fuata mpangilio huu bila kuruka: mvua kwanza, kisha ardhi na chumvi, hewa iwe ya mwisho. Ukiziba nyufa za hewa wakati bati bado linavuja, umeyafungia maji ndani. Miezi mizuri ya kazi ni Juni mpaka Oktoba, kusi (upepo wa kusini) linapovuma na kuta zinakauka zenyewe. Shida ni kwamba fedha ya korosho huanza kuingia Oktoba na mvua haziko mbali, kwa hiyo wengi wanapaua mbio mbio, na makosa mengi ya bati huzaliwa katika mbio hizo.

Hatua ya kwanza: usome ukuta

Fundi akifika na kuona madoa meusi, jibu lake la haraka linajulikana: "Bosi, hiyo fangasi tu, tupige rangi ya mafuta." Mwambie asubiri. Kila doa lina mahali linapoanzia.

Unyevu wa ardhini huanzia chini na kupanda, mara nyingi hauvuki mita moja hivi kutoka sakafuni, na mwisho wake wa juu huacha mstari wa unga mweupe. Unyevu wa paa huanzia juu, kwenye kona za dari, na hukua siku ya mvua au kesho yake. Doa kwenye pembe ya chini ya fremu ya dirisha ni mvua ya upande. Vidoti vyeusi nyuma ya kabati la nguo, au kwenye dari ya chumba chenye kiyoyozi wakati mvua haijaonekana kwa wiki mbili, hiyo ni hewa.

Ukiwa na shaka, yapo majaribio matatu yasiyo na gharama.

La kwanza ni nailoni. Kata kipande cha nailoni angavu ukubwa wa karatasi ya daftari, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi (selotepu pana) pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, upande wa chumbani, yanatoka hewani. Jaribio hili peke yake limeokoa plasta nyingi zisibomolewe bure.

La pili ni mpira wa maji, kwa kutafuta mahali mvua inapoingilia. Anza kumwagia chini ya ukuta, kaa dakika kumi, mwenzako akiwa ndani anaangalia. Kisha panda kwenye dirisha, kisha juu ya dirisha, kisha upenuni. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

La tatu ni udi. Funga madirisha na milango yote, weka feni ya kusimama kwenye dirisha moja ikielekea nje, na nafasi inayobaki pembeni mwa feni izibe kwa boksi. Feni itatoa hewa ya chumba, na nyingine itajilazimisha kuingia kwenye kila upenyo. Sasa pitisha kijiti cha udi taratibu kando ya dari, kuzunguka taa, chini ya mlango, kwenye tundu la bomba la kiyoyozi. Moshi ukipanda umenyooka, hapo salama. Ukisukumwa ghafla kuja chumbani, hapo pana tundu. Weka alama ya penseli, uendelee. Wengi hushangaa kuona tundu kubwa kuliko yote liko pale dari linapokutana na ukuta, limefichwa na urembo wa jipsamu.

Hatua ya pili: paa

Mvua ya kwetu ina msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na miaka mingine inagusa Mei. Sehemu kubwa inakuja na kaskazi (upepo wa kaskazini), lakini ile ya Aprili inakuta upepo umeshaanza kugeukia kusi. Nyumba basi inapigwa pande mbili ndani ya msimu mmoja. Mpishano wa bati ubavuni utazame kule upepo wa mvua kubwa unakokwenda, si unakotoka. Bati la juu lilalie la chini kwa sentimita 15 angalau. Paa lililolala sana linahitaji 20 hadi 30.

Msumari au skrubu ya bati inakaa mgongoni mwa wimbi. Ikigongwa bondeni, maji ya paa zima yanapita juu ya tundu lake. Zile raba za chini ya kichwa cha msumari hukauka kwa jua na kupasuka, na kwa nyumba zilizo karibu na bahari, Shangani au Mikindani, msumari wenyewe unaliwa na chumvi kabla ya bati. Panda juu kila mwaka kabla ya mvua, kagua, badilisha. Kupaka silikoni juu ya kutu ni kupoteza silikoni. Na unaponunua bati, kumbuka geji 28 ni nene kuliko geji 30. Bado wapo wanaouziwa kinyume.

Kofia ya paa (bati la kilele) ishuke sentimita 15 kila upande, na chini yake mawimbi ya bati yazibwe kwa sponji maalumu, maana mvua ya upepo hupanda na kuingia hapo. Upenu uwe kati ya sentimita 60 na 90. Upenu mpana ndio ulinzi mkubwa kuliko wote wa ukuta, hakuna rangi inayoushinda, ila ufungwe: kila kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) ikamatwe kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya kuta) kwa waya mzito au mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye zege. Vimbunga si hadithi huku. Kimoja kiliipiga Lindi Aprili 1952, Kenneth kilipita karibu na Mtwara Aprili 2019 na kutua Cabo Delgado upande wa Msumbiji, Hidaya kikaja Mei 2024. Upepo wa namna hiyo huanza kung'oa paa upenuni.

Kisha kuna hizi nyumba za kuficha paa, zenye ukuta unaopanda juu kuzunguka bati mpaka nyumba inaonekana kama boksi. Zinapendeza kwenye picha. Kwa mvua ya pwani ndizo zinazonipa mashaka kuliko zote, kwa sababu zimeondoa upenu, na maji yote ya paa yamepelekwa kwenye mfereji ulio ndani ya nyumba, juu ya ukuta wa chumba cha kulala. Jani moja la mwembe likiziba bomba, maji hayana pa kwenda ila ndani. Kama umeshajenga, fanya mambo manne. Mfereji uwe na mteremko unaoonekana, sentimita 1 kwa kila mita angalau, na mabomba ya kushusha yawe mawili hata kama moja lingetosha kwa hesabu. Toboa ukuta wa kuficha, sentimita chache juu ya kitako cha mfereji lakini chini ya ukingo wake, uweke kipande cha bomba kitokeze nje: bomba la chini likiziba, maji yatamwagika uani badala ya dari, na wewe utayaona. Sehemu ya juu ya ukuta huo ifunikwe kwa bati la kukunja au zege lenye mteremko kuelekea ndani, maana plasta iliyolala bapa juani inapasuka na kunyonya maji mwaka mzima. Na pale bati linapogusa ukuta, kipande cha bati la kukunja kipandishwe ukutani sentimita 15, ncha yake ya juu ichimbiwe ndani ya plasta. Kupaka lami pekee hapo hakudumu.

Kama bado hujajenga, weka upenu.

Jambo la mwisho la paa ni jasho la bati. Usiku wa anga jeupe bati hupoteza joto haraka, likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na hewa iliyo chini yake huacha umande. Alfajiri matone yanaanguka juu ya dari, mwenye nyumba anamwita fundi aje kuziba, fundi anatafuta tundu halioni. Ukiona doa la dari linakua katika miezi isiyo na mvua, panda darini saa kumi na moja alfajiri na tochi, uguse bati kwa chini. Dawa ni kutandaza karatasi ya alumini chini ya bati wakati wa kupaua, juu ya papi (mbao zinazoshika bati), ikiwa imelegea kidogo ili matone yateremke mpaka nje ya ukuta, pamoja na matundu ya hewa upenuni na juu kwenye pembetatu za ukuta. Matundu hayo yawekewe wavu wa chuma wa milimita 6. Wavu wa mbu unaziba kwa vumbi, na bila wavu kabisa utafuga popo.

Hatua ya tatu: ardhi na chumvi

Kwa nyumba mpya kazi ni rahisi na ya bei ndogo. Juu ya msingi, kabla ya kozi ya kwanza ya tofali, tandaza kizuizi cha unyevu upana mzima wa ukuta. Chini ya jamvi (zege la sakafu) tandaza nailoni ya geji 1000, vipande vipishane sentimita 30, na ile ya jamvi iungane na ya ukutani. Nailoni iliyotobolewa na kokoto ni sawa na isiyokuwepo, kwa hiyo tanguliza mchanga laini. Sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 30 au zaidi.

Nyumba iliyokwisha simama inataka jembe kabla ya saruji. Zunguka nje uangalie udongo: miaka ya kufagia na kupanda maua huinua uwanja mpaka unafunika kizuizi cha unyevu. Uchimbe urudi chini, uupe mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita kwa mita mbili za kwanza kutoka ukutani. Lindi mjini, nyumba iliyo mguuni mwa kilima inahitaji mtaro upande wa juu, ukinge maji kabla hayajafika msingini. Weka gata (mfereji wa kukinga maji ya bati). Kule Newala na Tandahimba watu wanavuna maji ya bati kwa sababu ya shida ya maji, na faida ya pili, ya ukuta kutorushiwa matope, wanaipata bila kuitafuta.

Chumvi ndiyo inayowachanganya watu. Mchanga wa ufukweni uko karibu na ni wa bure, na nyumba nyingi zimepigwa plasta yake. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapovuka asilimia 75, na usiku wa pwani huvuka bila shida. Ukuta huo utalowa usiku na kukauka mchana hata paa liwe zima na msingi uwe mkavu. Kila unapokauka, chumvi hugeuka fuwele chini ya rangi na kuisukuma. Ukipitisha kidole, rangi inabonyea na ndani yake kuna unga mweupe laini. Kwenye zege ni balaa zaidi, kwani chumvi hiyo inakula nondo, na kutu ikivimba inapasua lenta.

Usiuoshe unga huo kwa maji, utayeyuka na kurudi ndani. Upige brashi kavu, uukusanye, uutupe mbali. Kisha bomoa plasta iliyoathirika mpaka sentimita 30 au 50 juu ya mstari wa unyevu, kwangua viungo vya tofali, uache ukuta wazi wiki kadhaa za kiangazi. Plasta mpya ipigwe kwa mchanga wa mtoni au wa shimo la nchi kavu, mbali na bahari. Anayekuambia mchanga wa pwani ukinyeshewa na mvua mara moja unatosha, hajakaa kwenye nyumba yake miaka mitano.

Hatua ya nne: hewa, na hapa lazima uchague

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, inayoweza kutokea Mtwara wakati wa kaskazi, hubeba takriban gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20, hata ikishiba, haibebi zaidi ya gramu 17 hivi. Tofauti hiyo lazima itue mahali. Hewa ya nje niliyoitaja huanza kuacha umande ikigusa chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Sasa fikiria chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa 18, dirisha la alumini lisilofunga vizuri, na dari yenye taa nane za kuzamisha, kila moja na tundu lake. Maji yanaingia chumbani kwa njia ya hewa usiku kucha.

Kwa hiyo chumba ama kiwe wazi, ama kifungwe. Kinachozaa fangasi ni kile cha nusu-nusu: dirisha limeachwa upenyo "hewa ipite", huku kiyoyozi kinanguruma.

Ukichagua wazi, basi kiwe wazi kweli. Madirisha pande mbili zinazotazamana ili upepo uvuke, matundu ya juu yaachwe, kabati lisogezwe sentimita 5 kutoka ukuta wa nje. Fungua zaidi kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri, unyevu wa hewa unapopungua. Marumaru zikitoa jasho asubuhi ya mvua, kudeki hakusaidii, washa feni. Nyumba ya makuti au ya udongo na fito tayari imeumbwa hivi, isipokuwa mtu aende akaipige plasta ya saruji nje na ndani.

Ukichagua kufunga, rudi kwenye zile alama za penseli za udi. Ziba mkutano wa dari na ukuta kwa silikoni ya kupakika rangi, kabla ya urembo kubandikwa. Pembeni mwa fremu za madirisha, toa plasta iliyolegea, jaza povu la kupulizia, malizia kwa silikoni nje na ndani. Tundu la mabomba ya kiyoyozi, ambalo fundi huliziba kwa kipande cha gunia au asilizibe kabisa, lijazwe povu pande zote mbili za ukuta. Taa za kuzamisha zibadilishwe kwa za kubandika juu ya dari, ndiyo njia fupi. Mlango uwekewe raba chini. Matundu ya hewa ya juu ya dirisha yazibwe, na hapo ndugu watakuambia utakosa pumzi. Fungua dirisha asubuhi kiyoyozi kikiwa kimezimwa, hewa ibadilike. Chumba chenye jiko la mkaa au jenereta karibu kisifungwe hivi hata siku moja.

Kiyoyozi chenyewe kiwekwe 24 au 25. Kikubwa kupita chumba hupoza haraka na kuzima kabla hakijakausha hewa, ukabaki na ubaridi wenye uvundo. Bomba lake la maji liwe na mteremko na limwage mbali na ukuta. Tembea mtaa wowote wa Mtwara uhesabu kuta zenye mchirizi wa kijani chini ya bomba la kiyoyozi. Mwenye nyumba yuko ndani analalamikia fangasi.

Feni ya bafuni itoe hewa nje ya nyumba. Ikiishia darini, imehamisha tatizo tu.

Kosa moja linatoka ng'ambo. Maelekezo ya nchi za baridi huagiza nailoni upande wa ndani wa ukuta, kwa kuwa kule, majira ya baridi, unyevu hutoka chumbani kwenda nje. Kwetu chumba cha kiyoyozi ndicho cha baridi na unyevu unatoka nje kuja ndani, hivyo nailoni ya ndani inakuwa mtego. Rangi ya mafuta ya ndani inafanya kazi hiyohiyo, na zile karatasi za sponji zenye michoro ya matofali pia. Bandua moja kwenye ukuta wa nje baada ya msimu mmoja uone kilicho nyuma yake.

Nyumba za mawe na chokaa

Kuta za zamani za Mikindani, za mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta maji na kuyaachia, na zimesimama hivyo kwa miaka mingi. Zikipigwa plasta ya saruji haziwezi kuachia tena. Maji yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na plasta inabanduka ikiwa imeondoka na jiwe. Zikarabatiwe kwa chokaa na mchanga, zipakwe chokaa. Fundi anayejua kazi hiyo anapatikana, ila uulize wazee wa mtaa.

Hatua ya mwisho: kusafisha na kupaka

Fangasi ya juu juu ioshwe kwa sabuni, kisha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi, iachwe dakika kumi, isuuzwe, ukuta ukaushwe kwa feni. Vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, na usiichanganye na dawa ya choo, mvuke wake ni sumu. Jipsamu iliyolainika haioshwi. Ikate, uweke mpya.

Rudia jaribio la nailoni. Likitoka kavu pande zote mbili, skimu (lipu laini ya mwisho) na rangi ya maji vinaweza kuanza. Plasta mpya ipewe siku 28 kwanza. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua upewe rangi ya nje inayoruhusu mvuke kutoka, koti mbili, na zile nyufa nyembamba zijazwe kabla ya koti la kwanza. Jaribio likitoka na maji, rudisha kopo dukani kama halijafunguliwa, na uanze tena kutoka kwenye paa.